Mrejesho: amri za terminali zimerudi

Wakuu, juzi niliuliza kwa nini kila amri kwenye Linux yangu, hata ls ya kuorodhesha mafaili, inajibiwa kwamba haipo, ilhali cd na echo zinafanya kazi. Tatizo limekwisha.

Yule aliyeniambia niandike echo $PATH, yaani nione orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, ndiye aliyenifumbua macho. Ilitokea folda moja tu, ya skripti zangu! Kumbe nilipohariri .bashrc, faili la mipangilio linalosomwa kila terminali inapofunguka, niliandika:

export PATH=$HOME/bin

Nilisahau kumalizia na :$PATH, kwa hiyo njia zote za zamani zikafutika, na kila dirisha jipya la terminali likarithi kosa hilo. Cd na echo zilipona kwa sababu zimo ndani ya bash yenyewe, programu inayopokea amri kwenye terminali, hazitafutwi kwenye folda.

Nano, programu ya kuhariri maandishi, nayo ilikataa kufunguka, nikaiita kwa njia yake kamili:

/usr/bin/nano ~/.bashrc

Nikarekebisha mstari uwe export PATH=$HOME/bin:$PATH, nikahifadhi, nikafungua dirisha jipya. Ls ikajibu papo hapo.

Nilikuwa nimeshaandaa flashi nipige Linux upya. Mlionizuia, asanteni sana, mmeniokolea kazi zangu zote.