Bi mkubwa ana betri ya moyo, kaandikiwa MRI ya mgongo. Aingie?

Mgosi_wa_Pangani: Wakuu habarini. Bi mkubwa aliwekewa betri ya moyo (pacemaker, ile ya kuongoza mapigo) Dar mwaka 2017, mapigo yalikuwa yanashuka mpaka anazimia. Moyo sasa uko sawa. Shida ni mgongo: mguu wa kushoto umekufa ganzi, ndala inamvuka njiani hana habari. Daktari wa mifupa kaandika MRI ya kiuno, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili. Mapokezi dada anajaza fomu, kufika "una kifaa chochote mwilini?" mama akashusha kanga akamwonesha kile kivimbe chini ya bega. Fomu ikaishia hapo: "Mwenye betri haingii, sumaku itaing'oa." Daktari anasema siku hizi wanaingia. Nimsikilize nani? Na CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta, haitoshi?

Mlaza_Watu: Mpe bi mkubwa shikamoo yangu. Kazi yangu ndiyo hiyo, kulaza watu kwenye MRI. Dada kakupa jibu la zamani. Kung'oka siko kunakotutisha, betri za sasa zina chuma kidogo sana cha kuvutwa. Tunaogopa nyaya zinazotoka kwenye betri kwenda moyoni. Mawimbi ya redio ya mashine yanapita kwenye waya kama kwenye antena, na ile ncha iliyoshika nyama ya moyo inapata moto. Halafu betri inaweza kusikia kelele ya mashine ikadhani ni mapigo, ikanyamaza. Kwa ambaye moyo wake unaitegemea, hapo ni kuzimia tena. Ndiyo maana zikatengenezwa zinazoruhusiwa. Marekani waliidhinisha ya kwanza Februari 2011.

Tafuteni kadi aliyopewa alipowekewa. Someni modeli ya betri NA ya kila waya. Wapo waliobadilishiwa betri mpya kabisa juu ya nyaya za zamani, kwa hiyo mfumo mzima hauhesabiki kuwa unaoruhusiwa. Apigwe pia eksirei ya kifua, tuone kama hakuna waya ulioachwa ndani.

CT itaonesha mifupa vizuri, ila mishipa ya fahamu iliyobanwa haionekani kama kwenye MRI. Akishindwa kuzuia mkojo, au ganzi ikipanda sehemu za siri, msisubiri majibu yetu hapa, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi_Betri: Mimi ninayo na nimeingia. Fundi wa betri alikuja na kompyuta yake, akaniwekea kama kisahani juu ya betri, nikasikia moyo unadunda mwendo mmoja tu, hata nikijitikisa hauongezeki. Nilipewa mpira wa kubonyeza nikisikia joto kifuani. Sikuubonyeza. Makelele ya ile mashine ndiyo yaliyonikera, jamani!

Mgosi_wa_Pangani: Kadi imepatikana, ilikuwa ndani ya bahasha ya hati ya shamba. Nimempigia fundi: betri inaruhusiwa, waya mmoja haumo kwenye orodha. Ndiyo basi?

Mlaza_Watu: Sio lazima. Mwaka 2017 Wamarekani walitoa utafiti wa vipimo 1,000 kwa wenye betri za kawaida na 500 kwa wenye zile zinazoshtua moyo, zote ambazo hazikuruhusiwa, mashine ya tesla 1.5 (kipimo cha nguvu ya sumaku), sehemu zisizo za kifua. Hakuna aliyefia ndani, hakuna waya uliokufa. Kifaa kimoja cha kushtua kiliharibika kikabadilishwa, na hicho hakikuwa kimepangwa inavyotakiwa kabla ya kuingia. Umeona uzito ulipo?

Kwa hiyo daktari wa moyo na wa mifupa wakae waamue pamoja. Wakikubali, fundi awepo na kompyuta ya kampuni ile ile iliyotengeneza betri, maana ya kampuni nyingine haisomi. Aipange kabla, ECG ya kufuatilia mapigo na kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni vikae muda wote, mashine ya kushtua moyo iwe karibu na mlango, kisha airudishe ilivyokuwa kabla mama hajavaa viatu. Kituo kikikwambia "tutaangalia tu", ondokeni. Na namba za ile kadi usizimwage hapa, mpelekee fundi.