Naombeni ushauri: nimepewa siku moja niwafundishe walimu wenzangu kumtambua mwanafunzi aliyelemewa moyoni

TichaWaVisiwani
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nafundisha junia kwenye shule moja ya visiwani huku Lamu, upande wa Pate, na ndiye nimepewa gaidansi, yaani kuwashauri wanafunzi, mnajua vile kazi hiyo hutolewa, mkuu akiona una upole basi ni yako, mafunzo hakuna. Sasa amenipa Jumamosi moja nikae na walimu 14 niwaelezee afya ya akili ya wanafunzi na nimekubali, manake nina deni.

Nilikuwa na kijana wa gredi ya 8 (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane). Babake mvuvi, alitoka na mashua wakati wa upepo wa kusi hakurudi, mpaka leo hakuna maiti wala kaburi. Kijana alikuwa hodari wa hesabu, aliporudi shule akawa analala darasani, homuwaki hafanyi, ukimuuliza anaangalia dirishani tu. Mimi nikampigisha magoti. Mara tatu. Mwenzangu akamchapa, na sote tunajua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 imekataza lakini fimbo bado zimo ofisini. Hatukumuuliza hata mmoja wetu, mtoto, usiku unalala? Halali. Alikuwa anakaa barazani mpaka alfajiri anasikiliza kama mashua itaingia. Aliniambia mwenyewe baada ya miezi mitano na bado inaniuma mpaka leo.

Kwa siku moja nifundishe nini hasa? Na wale watakaosema ni jeuri tu, au ni pepo, niwajibu vipi? Na ukishamtambua mtoto unampeleka wapi, hospitali kuu ya kaunti iko Lamu mjini, kusi ikivuma boti zenyewe hazina uhakika, na nauli ni ya mtoto na mzazi kwenda na kurudi.

NesiMokowe
Waaleikum salaam mwalimu, pole kwa hilo. Mimi ni nesi, afya ya akili ndiyo kazi yangu. Nakuomba kitu kimoja, usiwafundishe majina ya magonjwa. Nimeshaona walimu wakitoka semina wanaanza huyu ana dipresheni huyu ana baipola, na mtoto anabaki na jina hilo mtaani mpaka aolewe. Mwalimu hapimi ugonjwa, mwalimu anaona mabadiliko, na hakuna mtu mwingine anayemwona mtoto masaa mengi hivyo siku tano kwa wiki.

Waambie wamlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa zamani, wasimlinganishe na jirani yake. Aliyekuwa msemaji akanyamaza, aliyekuwa mpole akawa anapigana, hati imeharibika, chakula hataki, tumbo linamuuma kila Jumatatu na zahanati hawaoni kitu. Hali ikienda kama wiki mbili hivi haipungui, usingoje tena. Na wamwangalie sana yule kimya, mwenye fujo hata hivyo atajionyesha mwenyewe, kimya ndiye hupotea nyuma ya darasa. Halafu noti nyingi za nje zitakwambia angalia mtoto anayevaa mikono mirefu kwenye joto, huenda anaficha alama za kujikata. Sasa huku kwetu wasichana wote wamejifunika, dalili hiyo kwao haikusaidii, tafuta nyingine: anayekataa kunawa mikono mbele ya wenzake, anayekataa michezo ghafla.

Ukishaona, huduma ya kwanza ni maneno matatu ya Shirika la Afya Duniani: tazama, sikiliza, unganisha. Kwa kusikiliza wafanyishe mazoezi wawili wawili, mmoja aeleze jambo dogo la kweli linalomsumbua, mwenzake asikilize dakika tatu bila kumshauri, bila kumwambia jikaze, bila hata kumsomea aya. Utaona wengi dakika moja hawafiki. Hiyo peke yake ipe saa nzima.

Mwl_Mpeketoni
Mimi nitasema wazi, darasa langu lina watoto 60 na kitu, tathmini za mtaala huu wa CBC hazishi, ripoti kila wiki, na sasa tuwe madaktari pia? Nimekaa semina za namna hii nikila chapati tu nikingoja alauansi.

Lakini Juni 2014 nilikuwa hapa Mpeketoni. Watu zaidi ya 60 waliuawa kwenye mashambulizi ya usiku mbili zile. Shule zilipofunguliwa upepo ukibamiza mlango darasa zima liko chini ya madawati, na kuna msichana alikuwa ananiuliza kila siku tutafunga saa ngapi, saa ngapi, saa ngapi, nikadhani ananichezea nikamfokea. Makaunsela walikuja, wema kabisa, wakakaa siku chache wakaenda zao. Tuliobaki na watoto ni sisi, na hakuna aliyetuuliza sisi tunalalaje. Kwa hivyo mwalimu anza na walimu wenyewe. Mwalimu wa bara aliyeiacha familia yake mbali, analala peke yake chumba cha kukodi, mshahara wote ni mikopo, huyo ukimwambia amwonee huruma mtoto wa mtu atakuona unamwongezea mzigo. Saa ya kwanza iwe yao.

MamaSwabra
Naongezea kama mzazi. Binti yangu alimweleza mwalimu wake jambo la nyumbani kwetu, asubuhi mwalimu akalifanya mfano paredi, hakutaja jina lakini huu mji ni vichochoro, nani hakujua? Mwanangu hajamwambia mtu mzima kitu tena mpaka leo na ni mwaka wa pili huu. Wafundisheni siri kabla ya hayo mengine yote jamani.

UstadhAmu
Yambo hili zuri mwalimu, Allah akulipe. Kuhusu pepo nakushauri usiingie kwenye ubishi, ukisema hakuna pepo umewapoteza nusu ya walimu na wazazi wote. Mama akitaka mtoto wake asomewe, mwambie asomewe, na kesho apelekwe hospitali pia, Mtume (SAW) ametuamrisha tujitibu. Nina kijana chuoni kwangu, madrasa, alikuwa anaanguka, tumemsomea sana, kumbe ni kifafa, sasa anakunywa dawa kila siku na kuanguka kumepungua sana. Na wakati ule wasichana wanapoanza kupiga mayowe mmoja baada ya mwingine darasani, kabla ya kumwita mtu wa kutoa mapepo watengeni kwanza, kila mmoja akae na mtu anayemwamini, watazamaji watoke, halafu baadaye uulize yule wa kwanza kulia alikuwa na nini, mara nyingi ana jambo lake.

Tena nialike hiyo Jumamosi. Hao watoto asubuhi ni wenu, jioni ni wetu chuoni, tukiwatazama macho mawili tofauti bila kuambiana tunawapoteza katikati.

Kaunsela_Malindi
Nipo Malindi, nafanya kazi na vijana, wengi wameingia kwenye unga, dawa za kulevya, wakiwa bado na yunifomu, na ukiwasikiliza mpaka mwisho kabla ya unga palikuwa na kitu kingine hakuna aliyekiuliza. Nataka nigusie lile walimu wote wanaliogopa, kujiua. Waambie hivi, kumuuliza mtoto moja kwa moja "umewahi kufikiria kujiua?" hakumtii wazo hilo kichwani. Kunamfungulia mlango. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata dakika, usimgombeze, usimwambie ni dhambi saa hiyo, mtafute mzazi na mtu wa afya siku hiyo hiyo. Hii ndiyo sehemu moja ambayo siri inavunjwa, na mtoto anaambiwa mapema kabisa kabla hajaanza kusema: nitakutunzia maneno yako isipokuwa kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au kuna mtu anakuumiza.

Na walioogopa polisi wajue, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha katiba. Mtoto huyo ni mgonjwa, si mhalifu.

Kuhusu boti, anza na simu. 116 ni ya watoto, bure, usiku na mchana, na 1199 ya Msalaba Mwekundu pia bure. Ziandike ukutani, na mwalimu apige yeye mwenyewe kwanza siku ya semina ajue inavyoitika, mtu hampi mwenzake namba asiyoijaribu.

TichaWaVisiwani
Nimesoma yote mara mbili, machozi yamenitoka kwa MamaSwabra. Mpango wangu nimeubadilisha kabisa, nilikuwa nimeandika magonjwa tisa na dalili zake, nimeyafuta. Asubuhi walimu wenyewe, halafu mazoezi ya kusikiliza, siri, mchana ustadh na simu. Mwl_Mpeketoni, umenisaidia zaidi ya unavyodhani.

Limebaki moja. Nilitaka nifungue na kisa cha kijana wangu, bila jina, ili wenzangu waone mimi nilikosea wapi na wasinione nawahubiria.

NesiMokowe
Usikisimulie mwalimu. Walimu 14, kisiwa kimoja, mashua moja iliyopotea. Sema "mimi nilimpigisha magoti mtoto aliyekuwa halali usiku" basi, bahari usiitaje.

TichaWaVisiwani
Kweli. Bahari siitaji. Na huku pia namwomba modi, msimamizi wa jukwaa, aifiche ile aya yangu ya kijana.