Wametuhesabia bati na TV, mavi yanayopita mlangoni hawakuuliza

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Juma lililopita alikuja kijana na kishikwambi hapa kwetu Kigogo, bondeni kabisa, karibu na Mto Msimbazi. Utafiti wa ustawi wa kaya. Nyumba ya bati? Ndiyo. TV? Ipo. Simu ngapi, milo mingapi, watoto wanasoma? Dakika ishirini kamaliza: kaya yangu ina hali nzuri.

Hali nzuri ipi? Nikamwambia, mdogo wangu, njoo huku nyuma. Uchochoroni kuna bomba la inchi nne limetokeza kwenye shimo la choo cha jirani, limezibwa kwa kiroba na matambaa. Mvua ikikolea usiku, kiroba kinachomolewa. Asubuhi nafagia mavi kizingitini kwangu kwa fagio la chelewa. Huku tunaita kutapisha choo. Jirani simlaumu sana, maana gari la kunyonya haliingii vichochoro hivi, na hata lingeingia, hela ya tripu moja hana.

Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu. Masika haya ameharisha mara nne. Kila mara ni dawa, ni bajaji, na mama yake hafungui genge siku mbili. Hela hiyo inatoka kwenye milo ileile kijana aliyoihesabu! Mchicha wenyewe unamwagiliwa maji ya mto huohuo. Kipindupindu kilipolipuka Dar Agosti 2015, bati na simu tulikuwa nazo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Haki ya kisheria, halafu kwenye dodoso la ustawi haina hata swali moja? Kijana akanijibu, "Kaka, hapa hakuna pa kujaza hayo."

Sasa tukishaandikwa kwamba tuna hali nzuri, nani atatuchimbia mfereji?

Waliotunga dodoso hilo waongeze haya: choo kikijaa kinamwagwa wapi, maji machafu yanatuama siku ngapi, mtoto ameharisha mara ngapi. Na waje kuuliza usiku wa mvua.

Waliopitiwa Vingunguti, Tandale na Jangwani, semeni hapa, ninyi mliulizwa nini?