Kidato cha tatu wakachunguze watu wanavyohukumu lafudhi: ni somo au ni kuchokoza ukabila?

Mwalimu_wa_Ziwa: Wakuu, nipeni maoni kabla sijampelekea mkuu wa shule. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, Mwanza. Nimechoka kuona vijana wanakariri orodha ya lahaja kama majina ya mito. Nataka watoke wakasikilize watu. Mpango: mtu mmoja mwenye kipaji cha kuiga anarekodiwa akisoma tangazo lile lile la mkutano wa mtaa mara tatu: kwa lafudhi ya Kisukuma, ya Kihaya, na ile sanifu. Wasikilizaji hawaambiwi kuwa ni mtu mmoja. Wanajaza: huyu ni msomi? Ni mwaminifu? Ungempa uweka hazina wa kikundi chenu? Njia si yangu. Mwanasaikolojia Lambert na wenzake waliitumia Montreal, Kanada, kwa Kifaransa na Kiingereza, wakachapisha mwaka 1960, na kilichoshangaza ni kwamba hata wasikilizaji wa Kifaransa waliipendelea sauti ya Kiingereza. Kwa sanifu nitatumia lafudhi ya Unguja, maana ndiyo msingi. Mnaonaje?

Nkwabi_Mkulima: Mbona wa kwanza ni Msukuma? Kwenye vichekesho Msukuma, kwenye tangazo la mbolea Msukuma, sasa na kwenye utafiti Msukuma. Anzeni na Wazaramo huko.

Mzazi_Kimara: Mwalimu, mimi ni mzazi, si mtaalamu. Mwanangu amechukua lafudhi ya mama yake, mtu wa Bukoba. Darasani ana jina walilompachika, silitaji hapa. Siku mtakapowasha hiyo sauti ya Kihaya, macho yatamgeukia nani? Halafu matokeo yabandikwe ukutani kwamba wasikilizaji wamesema Mhaya ana majivuno? Huko ni kumpa mtoto wa mwenzie fimbo na kumwonyesha pa kuchapa.

BintiMvita: Maalim, somo lako zuri, ila hapo pa "Unguja ndiyo msingi" umenikera. Msingi kwa nani? Mwaka wa 1928 hao wa serikali za kikoloni waliotaka kusanifisha Kiswahili walikuja kukutana kwetu Mombasa, wakala wali wetu, kisha wakachagua cha Unguja. Mshairi wetu Muyaka alikuwa kashatunga na kashakufa kabla mmishonari Krapf hajatia mguu Mombasa. Leo mwanangu akiandika "ndia" na "mato", yaani njia na macho, kwenye insha, apigwa kalamu nyekundu kwa lugha ya bibi yake.

Mkaazi_wa_Shangani: Dada, mwaka wa 1928 jambo lilikuwa lishaanza. Dar es Salaam walikaa 1925. Na hawakuja kwetu kwa mapenzi. Kiunguja kilikuwa kishapanda na misafara mpaka Tabora na Ujiji, biashara ndiyo iliyochagua. Kimvita kizuri kwa mashairi, hakuna anayekataa. Lakini barua za ofisini mnaandika kwa kile chetu.

Kikae_Safi: "Chetu" wewe na nani? Wewe wa Mjini. Mimi wa Makunduchi, nikizungumza na bibi yangu Kikae, lahaja yetu, mbele yako, utabaki unatabasamu tu. Unguja si Mji Mkongwe peke yake. Hata sisi tulipokuja skuli tuliambiwa tuseme vizuri.

Mkaazi_wa_Shangani: Wallahi sikukusudia hivyo. Lakini Makunduchi mnajulikana kwa sikukuu ya Mwaka Kogwa, si kwa sarufi.

Kikae_Safi: Umeona? Mwalimu, mwandike huyu namba moja kwenye daftari lako.

Jirani_wa_Ruiru: Mwalimu, usikatishwe tamaa. Huku Kenya isimujamii, yaani somo la lugha inavyotumika katika jamii, iko kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya pili ya Kiswahili, alama 10. Unajua wanachofanya watoto? Wanakariri sifa za sajili, yaani lugha ya mahali au kazi fulani, kama ya hospitali na ya mahakamani, kisha wanaandika "lugha huwa ya heshima" hata kama ni sajili ya makanga wa matatu. Hakuna aliyewahi kumsikiliza mtu halisi akizungumza. Halafu mtoto wa Kikuyu akisema "rakini" darasa zima linacheka, mwalimu akiwa wa kwanza. Kwetu hiyo inaitwa kushrabu, na mtu anaweza kuzeeka nayo. Naunga mkono. Ila nyinyi Watanzania msijifanye hamuhusiki, mnaoandika "luninga" gazetini bila haya.

Nkwabi_Mkulima: Luninga ina kosa gani?

Jirani_wa_Ruiru: Ni runinga. Neno la Sheikh Nabhany wa Lamu. Mlilichukua mkalishrabu.

Nkwabi_Mkulima: Sasa Mkikuyu anamfundisha Mtanzania wapi pa kuweka r na l. Nimeishi kuona mengi.

Jirani_wa_Ruiru: Nani amekwambia mimi ni Mkikuyu? Nimesema naishi Ruiru. Mimi ni mtu wa Taveta. Ona ulivyonihukumu bila hata kunisikia.

BintiMvita: Na Sheikh Nabhany ni wetu wa pwani, mwamtaja mkimhitaji tu. Neno mwalitaka, lafudhi hamuitaki.

Isimu_Mtaani: Jamani, turudi kidogo. Mwalimu, kuna jambo umelichanganya. Kilichosanifishwa ni tahajia, msamiati na sarufi ya vitabu. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930 ilikuwa inapitia maandishi, na kamusi za Johnson za 1939 ni matunda ya kazi hiyo. Lafudhi ya kinywani haikuwekewa muhuri namna hiyo. Kwa hiyo usiwaambie vijana kuwa moja kati ya zile sauti tatu ndiyo sanifu, utakuwa umewapa jibu kabla ya swali. Na kama kuiga kunaleta balaa, iko njia ya mwanaisimu Mmarekani, Labov. New York, mwaka 1962, alikwenda kwenye maduka matatu, la matajiri, la kati na la bei poa, akawauliza wauzaji kitu ambacho jibu lake lilikuwa "ghorofa ya nne", kwa Kiingereza chao, asikilize kama wanatamka r. Alijifanya hakusikia, wakarudia. Vijana wako waende sokoni waulize bei ya kitu cha shilingi 250. Muuzaji atasema "hamsini" au "amsini", na akiulizwa tena utasikia kama h inarudi. Hakuna wa kuchekwa, hakuna kabila lililotajwa.

Nkwabi_Mkulima: Siku hizi ni kitu gani cha 250 sokoni? Pipi?

Isimu_Mtaani: Basi 1,050. Nyanya.

Wa_Lubumbashi: Na sisi wa Kongo mtatuweka fungu gani? Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu, ila nikifika Dar nikifungua mdomo naulizwa nimekimbia vita gani. Nilikuja kununua vipuri vya gari.

Mkaazi_wa_Shangani: Pole ndugu. Ila kwa kweli Kiswahili chenu kinataka mkalimani.

Kikae_Safi: Namba mbili.

Mwalimu_wa_Ziwa: Nimesoma yote. Ndugu Nkwabi, mimi mwenyewe ni Msukuma, wa Kwimba, ndiyo maana nikaanza na cha nyumbani. Dada wa Mvita, maneno "ndiyo msingi" nitayafuta kwenye andiko. Hilo la hamsini nimelipenda, nitalijaribu soko la Kirumba.

Mzazi_Kimara: Mwalimu, umewajibu wote isipokuwa mimi. Mtoto wangu atakaa wapi siku hiyo?

Mwalimu_wa_Ziwa: Samahani mzazi. Nimefikiria hivi: sauti zisiwe za lafudhi ya mtoto yeyote aliyemo darasani, na wasikilizaji wawe watu wazima wa nje ya shule. Kihaya nakiondoa, Kisukuma pia. Nitaweka mtu wa mbali kabisa, mathalani lafudhi ya Mombasa.

Mzazi_Kimara: Na wakirudi darasani, si watamwigiza mwanangu hata bila rekodi? Hiyo bado hujaijibu.

BintiMvita: Subiri kwanza. Mombasa ndiyo mwataka kuiweka hapo ipewe alama za uaminifu na watu wa Mwanza? Nani kawaruhusu?

Jirani_wa_Ruiru: Hahaha, Maalim, hapo umejipeleka mwenyewe.

BintiMvita: Sicheki. Na huyo wa kuiga ni nani? Ashawahi kufika Mombasa, au kaionea kwenye luninga?

Nkwabi_Mkulima: RUNINGA, dada.