Je, bei za huduma za mazishi hazipaswi kuandikwa kabla ya mwili kupakiwa?

Mweka hazina, Kirumba
Wakuu, mwezi uliopita nilikuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi ya baba yetu mdogo, ambaye tulimsafirisha kutoka Mwanza kwenda kumzika Ukerewe. Kwa simu tuliambiwa kwamba jeneza, dawa ya kuhifadhi mwili na gari vingegharimu jumla ya shilingi 850,000. Asubuhi ya safari, mwili umeshapakiwa na wazee wameshakaa garini, ndipo tukaelezwa kwamba bei hiyo haikuhusisha glavu, posho ya dereva wala nauli ya kivuko cha Kisorya, hivyo tuongeze 310,000. Nani angesimama pale abishane? Tulipitisha upya daftari la rambirambi, na risiti niliyokabidhiwa ilikuwa na neno moja tu: "Huduma". Je, kuna nchi ambayo sheria inamlazimisha mtoa huduma kuonyesha bei mapema?

Msoma sheria
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Zipo. Nchini Marekani, kanuni ya mazishi ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ilianza kutumika mwaka 1984: anayefika kuuliza hupewa orodha ya bei ya kila huduma aondoke nayo, anayepiga simu hutajiwa bei bila kulazimishwa kujitambulisha, na familia inayokuja na jeneza lililonunuliwa kwingine haikataliwi wala haitozwi ada kwa sababu hiyo. Uingereza nayo, tangu 2021, inataka orodha ya bei yenye muundo mmoja kwa watoa huduma wote, ibandikwe ofisini na kwenye tovuti, na kwa maoni yangu huo muundo mmoja ndio wenye faida kubwa, kwa kuwa mfiwa analinganisha bila kupiga hesabu za kichwa. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini hapo utakuwa unalalamika mkiwa mmeshazika.

Fundi wa majeneza, Igoma
Sitetei aliyewafanyia hivyo. Hata hivyo, jeneza la msonobari na la mninga haviwezi kuwa na bei moja, na wateja wengi kwenye simu husema tu "la kawaida", kila mmoja akiwa na lake kichwani. Nauli ya kivuko ni jambo jingine: inajulikana, na dereva anayekwenda Ukerewe kila mara hawezi kusema ameisahau. Mimi nilibandika bei ukutani mwaka juzi. Wateja wawili walizisoma wakaondoka kimyakimya, na mmoja wao alirudi jioni.

Mweka hazina, Kirumba
Nashukuru, fundi. Mtaani kwetu kuna msiba mwingine leo, nami nimeshaandaa karatasi: aina ya mbao, dawa, gari, dereva, kivuko kwenda na kurudi, kila kimoja na bei yake. Mwenye gari ataisaini kabla hatujakwenda mochwari.