Mjadala: Tinti kwenye magari binafsi ifutwe, au ipimwe?

Mleta mada: Wanaotaka ifutwe wanasema inaficha wahalifu. Wanaoitetea wanasema jua letu halina huruma. Leteni hoja zenye vipimo.

FundiVioo: Tinti, ile karatasi nyembamba ya plastiki inayobandikwa kwenye kioo, huhesabiwa kwa mwanga unaopita. Ya 20 inapitisha asilimia 20, kwa hiyo ni nyeusi kuliko ya 50. Wateja wengi hugeuza hapo. Tena kioo cha kiwandani hakipitishi 100. Kikipitisha 77, ukabandika karatasi ya 50, unabaki na 38 hivi. Uingereza, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1, 1985, kioo cha mbele kinatakiwa kupitisha angalau 75, na vioo vya milango ya mbele 70. Vya nyuma havina kikomo. Kwa kioo hicho cha 77, hata karatasi ya 90 inakushusha hadi 69. Umeshavunja sheria.

Kivuko: Basi si umekubali ifutwe? Mtu anayevuka barabara hutafuta macho ya dereva ajue kama ameonekana.

FundiVioo: Nimekubali kwa milango ya mbele tu. Abiria wa nyuma wana kosa gani?

Kivuko: Joto ni kisingizio. Watu wanataka weusi.

FundiVioo: Wengine, kweli. Lakini giza si ubaridi. Karibu nusu ya nishati ya jua ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Karatasi rahisi ya rangi hunyonya mwanga, kioo kinapata moto na kurudisha sehemu ya joto ndani. Baada ya muda inageuka zambarau. Karatasi yenye chembe za seramiki ya 70, inayoonekana karibu kama kioo kitupu, inaweza kuishinda kwa kuzuia joto. Zenye metali nazo huzuia joto, ila husumbua mawimbi ya simu na jipiesi (GPS).

Ghorofa_ya_3: Na nyumba? Ile tinti ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia inaficha mchana tu. Usiku ukiwasha taa, wa nje anakuona, wewe unajiona mwenyewe. Pazia halikwepeki. Kwenye vioo vya tabaka mbili, karatasi nyeusi upande wa ndani ni hatari: katikati panachemka, ukingo uliofichwa kwenye fremu unabaki baridi, kioo kinapasuka kuanzia ukingoni.

Mgeni22: Mapovu chini ya tinti yanatoka wapi?

FundiVioo: Vumbi, au maji hayakukamuliwa yote. Tia matone machache ya shampuu ya mtoto kwa lita ya maji, nyunyiza kioo na upande wa gundi, kamua kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Usishushe kioo siku tatu hadi tano. Dawa za kusafishia zenye amonia, hapana. Ukibandua tinti ya kioo cha nyuma cha gari usikwangue kwa wembe, utaondoka na nyuzi za kuyeyusha ukungu. Lainisha gundi kwa mvuke.

Kivuko: Turudi kwenye mada. Trafiki atajuaje 70 na 50 kwa macho?

FundiVioo: Hawezi. Kipimo ni kifaa cha vipande viwili kinachobana kioo, kimoja kinatoa mwanga, kingine kinasoma. Asiye nacho asiandike faini.

Kivuko: Na asiye nacho ndiye tutakayekutana naye barabarani.