Dada yetu ana sonona: kanisa limsaidieje?

Mwanajumuiya:
Bwana asifiwe, wapendwa. Katika kikundi chetu cha maombi kuna dada aliyetueleza, baada ya kulibeba jambo hilo peke yake kwa muda mrefu, kwamba daktari amemkuta na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na kumwanzishia dawa. Tulimwombea, naye akashukuru. Lakini juma lililofuata habari yake ilitajwa mbele ya kusanyiko zima, na mshirika mmoja akamwambia kwamba mwenye imani hahitaji vidonge. Hajarudi tangu siku hiyo. Nami nilikuwepo nikanyamaza, na jambo hilo linaniumiza sana. Tufanye nini?

Muuguzi:
Pole, ndugu. Nianze na lililo la haraka: mtu anayemwamini amwulize kwa upole kama bado anatumia dawa. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo wengi hukata tamaa mapema, na mtu akiziacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, au ugonjwa ukamrudia. Uamuzi wa kuzipunguza au kuziacha ni wake pamoja na daktari wake. Akitamka maneno ya kuchoka kuishi, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kuutua mzigo. Akikubali, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama aliomba iwe siri.

Mzee wa kanisa:
Aliyesema habari za vidonge asome 1 Wafalme 19. Eliya, muda mfupi tu baada ya moto kushuka Karmeli, aliketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na malaika hakumkemea kwa upungufu wa imani: alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena, kisha malaika akarudi mara ya pili na kumwambia ale. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, na bado imo kati ya sala zetu. Ombi la mtu lisitangazwe bila idhini yake. Aliyelitangaza la dada huyo aende mwenyewe kumwomba radhi, asitume salamu.

Niliyepitia:
Mimi niliugua hivyo miaka miwili. Nilisikia nyimbo nilizozipenda zikiimbwa, na kinywa hakikufunguka. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kila Alhamisi, akaosha vyombo, akaketi nami bila kuniuliza kama ninaomba. Na kaka aliyenisindikiza kliniki akanisubiri kwenye benchi hadi nilipotoka. Msimwambie awaite akihitaji lolote, kwa maana aliye katika hali hiyo mara nyingi hajui hata anachohitaji. Mwambieni mnakuja siku fulani, saa fulani, na mje kweli. Nawe uliyenyamaza, tangulia.

Mwanajumuiya:
Asanteni. Nimempigia jioni hii na kumwomba msamaha. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema niende Jumamosi saa nne.